Mtoto wa Miaka Mitatu na Krismasi ya Watu Wazima

Kuanzia wiki ya pili ya Desemba, Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam, huwa na sura ile ile kila mwaka. Tiketi za Moshi na Arusha zimekwisha, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inatoa vibali vya muda ili mabasi ya njia nyingine yasaidie kaskazini, maofisa wanazunguka kusaka wanaopandisha nauli, na kina mama wenye watoto migongoni wanahesabu mabegi kwa mara ya tatu. Ukimuuliza mmoja wao kwa nini anajitesa hivyo, jibu mara nyingi ni hili: ni kwa ajili ya watoto, wakale sikukuu na wenzao. Jibu hilo hilo hutolewa na aliyebaki mjini lakini amekopa ili anunue nguo mpya, kuku watatu, kreti mbili za soda na mdoli unaolia. Naliheshimu jibu hilo, ila nadhani halijachunguzwa vya kutosha. Kwa familia yenye mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza, Krismasi inayomfaa ni ndogo, ya nyumbani, isiyo na haraka. Sehemu kubwa ya purukushani tunazoziita za watoto ni za watu wazima, mtoto kabandikwa jina tu.

Tuanze na mwili wa mtoto, maana mwili haubishani na mtu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu usingizi, michezo na ukaaji wa watoto walio chini ya miaka mitano. Mwongozo huo unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, kwa nyakati zisizoyumba. Unasema pia kwamba mtoto wa umri huo anatakiwa awe anakimbia, anarukaruka au anachezacheza kwa jumla ya angalau dakika 180 kwa siku, na asibanwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja kwa mkupuo. Sasa weka maelekezo hayo kando ya sikukuu kama tunavyoipanga. Basi linaondoka alfajiri, kwa hiyo mtoto anaamshwa usiku wa manane. Anapakatwa kwa muda wa saa nane, kumi, na foleni za Desemba zikikolea hata zaidi, katika safari ya zaidi ya kilomita 500. Akifika analazwa chumba asichokijua, katikati ya watu asiowajua. Kesho yake ni mkesha: anabebwa kanisani usiku akiwa amesinzia na anarudishwa akiwa amelia. Asubuhi ya Krismasi anavalishwa kiatu kinachombana, anapitishwa mikononi mwa mashangazi na wajomba, anahimizwa kuamkia kila mmoja, na ikifika saa nane mchana, saa ambayo kwao huwa amelala fofofo, ndiyo kwanza chakula kinapakuliwa. Akijigaragaza chini na kupiga mayowe, tunasema amedekezwa. Amechoka.

Na tusiisingizie soda. Imani kwamba sukari ndiyo inayowapandisha watoto wazimu siku za sherehe imeenea nchi nyingi, lakini watafiti wa Marekani waliokusanya majaribio yaliyokwisha kufanywa na kuyachambua kwa pamoja, matokeo yao yakachapishwa mwaka 1995 katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo, hawakuona kwamba sukari inabadilisha tabia ya watoto. Soda inaharibu meno na inajaza tumbo lisipokee chakula, na hayo yanatosha kuipunguza. Kwa fujo za sikukuu, mimi ningeushuku kwanza usingizi uliokatwa, kisha umati.

Ukiacha mwili, kuna suala la kumbukumbu. Mtu mzima akijaribu kukumbuka utoto wake, wanasaikolojia wanasema, kwa kawaida hufika kwenye umri wa miaka mitatu hivi au mitatu na nusu, na nyuma ya hapo hapaonekani kitu. Miaka hiyo ya mwanzo si bure. Ndiyo inayomfundisha mtoto kama akilia atasikilizwa, kama watu waliomzunguka ni wa kutumainiwa, kama dunia ina mpangilio au haina. Lakini haimwachii albamu kichwani. Ndiyo maana sherehe kubwa ya mtoto wa miaka miwili, yenye sare za familia nzima, mpiga picha wa kukodi na keki ya ghorofa, inabidi tuitaje kwa jina lake halali: ni sherehe ya wazazi. Hakuna ubaya wazazi kujifurahisha. Ubaya unakuja pale mtoto anapogombezwa kwa kuharibu picha ya sherehe ambayo yeye hakuiomba, haielewi na hataikumbuka.

Hata hao watu wazima wenyewe, furaha yao haiko pale wanapoitafuta kwa bidii zaidi. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Marekani, Tim Kasser na Kennon Sheldon, walichapisha utafiti uliowauliza watu 117, wenye umri wa miaka 18 hadi 80, namna walivyoipitisha Krismasi yao. Waliosema kilichotawala sikukuu yao kilikuwa familia au ibada walikuwa na furaha zaidi. Wale ambao kwao kutumia fedha na kupokea zawadi ndiko kulikotawala, furaha yao ilikuwa ndogo. Watu 117 wa nchi moja si ulimwengu, na mwenye kubisha ana haki ya kusema Marekani si Mbagala. Hata hivyo matokeo hayo yanaoana na jambo ambalo kila mtu anaweza kulishuhudia mtaani mwake jioni ya tarehe 25: katika nyumba nyingi, aliyechoka kuliko wote ni yule aliyekuwa akiwahangaikia wengine wafurahi.

Zawadi nazo zina hadithi yake. Katika Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, watafiti waliwatazama watoto wadogo 36 wakicheza, safari moja wakiwa na vitu vinne vya kuchezea na safari nyingine wakiwa na kumi na sita. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba penye vinne mtoto alikaa na kitu kimoja kwa muda mrefu zaidi na alikitumia kwa namna nyingi zaidi. Penye kumi na sita aliruka toka hiki kwenda kile. Mzazi aliyewahi kuona mtoto akiliacha gari la betri na kulichezea boksi lililobeba gari hilo hahitaji kwenda Toledo. Utoto wa Kiswahili una michezo ambayo haijawahi kuuzwa Kariakoo: kombolela, mdako wa vijiwe, ukuti, rede, chandimu ya mpira wa matambara, gari la waya, na huo mchezo mkuu kuliko yote wa kujipikilisha, ambapo mchanga ni ubwabwa na majani ya mwembe ni mboga. Mchezo wa namna hiyo unampa mtoto kazi ya kuwaza, na kinachouzwa kikiwa kimekamilika kila kitu mara nyingi kinamnyang'anya kazi hiyo. Mchumi Joel Waldfogel aliwahi kuonyesha, katika makala yake ya mwaka 1993 kuhusu hasara ya zawadi za Krismasi, kwamba zawadi kwa macho ya anayeipokea huwa na thamani pungufu kuliko fedha iliyoinunua, kuanzia sehemu ya kumi hadi theluthi nzima. Yeye aliwauliza wanafunzi wa chuo. Angewauliza watoto wa miaka mitatu, naamini hasara ingekuwa kubwa zaidi, kwa sababu wao kiwango chao cha thamani hakijui kabisa bei.

Basi mtoto anataka nini? Anataka kurudia. Hili ndilo jambo ambalo watu wazima, tuliokwisha kuzichoka siku zinazofanana, tunalisahau upesi. Mwaka 2002 Barbara Fiese na wenzake walipitia utafiti wa miaka 50 kuhusu ratiba na desturi ndogo ndogo za familia, kuanzia mlo wa pamoja na saa ya kulala hadi namna ya kuadhimisha sikukuu. Waliona kwamba desturi hizo huenda pamoja na watoto wenye utulivu na afya, wazazi wanaojiamini katika malezi, hata ndoa zinazoridhisha. Haikuwa lazima desturi iwe ya gharama. Ilitakiwa iwe ya kwao, na irudi. Kwa mtoto wa mjini Dar es Salaam au Mwanza, desturi hiyo inaweza kuwa kukanda unga wa maandazi pamoja na baba asubuhi ya tarehe 24, yeye akipewa donge lake la kuchezea na kulichafua apendavyo, mafuta ya moto na jiko la mkaa vikiwa mbali naye. Inaweza kuwa kwenda kutazama mikrismasi iliyojaa maua mekundu kando ya barabara, mti ambao hauhitaji taa wala pamba za kuigiza theluji. Inaweza kuwa kuosha maembe, maana huu ni msimu wake, kisha kukaa kwenye mkeka barazani na kuyala hadi mashavu yageuke rangi. Inaweza kuwa kupanga pango la Noeli kwa udongo wa mfinyanzi na majani, ng'ombe mmoja akitoka mkubwa kuliko nyumba, na kuliacha hivyo hivyo bila kumsahihisha mtoto.

Jioni ina hazina yake, na hapa ningependa nikae kidogo. Umeme ukiwapo tunawasha televisheni, ukikatika tunalalamika, kumbe giza la saa moja usiku ndiyo saa iliyozoeleka tangu zamani kuwa ya ngano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory huko Atlanta, Marshall Duke na Robyn Fivush, walitunga maswali 20 ya kupima watoto wanajua nini kuhusu familia yao: wazazi walikutanaje, babu alikulia wapi, ni msiba au tabu gani iliyowahi kuwapata. Watoto waliojua zaidi walionekana kuwa na imani kubwa zaidi juu ya nafsi zao. Watoto hao walikuwa wakubwa kidogo, si wa miaka mitatu, lakini hadithi hizo hazianzi kusimuliwa siku mtoto anapoanza kuzielewa. Zinaanza wakati bado anasinzia mapajani na anakumbuka tu kwamba sauti ya mama ilikuwa inazungumza habari za mto fulani na ng'ombe fulani. Hii ni Krismasi ambayo haina risiti. Inahitaji mzazi ambaye hajachoka kupita kiasi, na hapo ndipo mzigo ulipo.

Mzazi wa mjini, Desemba, amechoka kupita kiasi, na sababu moja haizungumzwi waziwazi: dada wa kazi ameondoka. Katikati ya mwezi huu maelfu ya wasichana wanaolea watoto wa wenzao huomba ruhusa kwenda kwao Iringa, Singida, Dodoma au Tanga, na wazazi hupeana hofu kwamba wengine hawatarudi. Malalamiko ni mengi, na mengine hayana haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, yenye malipo, na anayefanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa anastahili malipo maradufu. Dada wa kazi ni mfanyakazi, na naye ana mama anayemsubiri. Ukweli ni kwamba kuondoka kwake kunafichua jambo ambalo mwaka mzima lilikuwa limefichika: nyumba hiyo iliendeshwa kwa nguvu zake, na sasa wazazi wanataka kuiendesha wenyewe huku wakiongeza wageni, mapishi na usafi wa sikukuu juu yake. Haiwezekani. Au tuseme inawezekana kwa namna moja tu, nayo ni mama kusimama jikoni kuanzia alfajiri hadi jioni.

Ndiyo maana ushauri unaotolewa sana Desemba, ule wa kujipanga vizuri, kuandika orodha na kununua mapema, unanishawishi kidogo tu. Ukijipanga vizuri kubeba magunia mawili, bado ni magunia mawili. Kinachotakiwa ni kuondoa vitu. Pilau linatosha, pamoja na kachumbari na matunda, na hakuna mtoto wa miaka mitatu aliyewahi kuuliza biriani liko wapi. Pazia linaweza kufuliwa Februari. Wageni wanaweza kualikwa tarehe 27, kila mmoja aje na hotpoti lake, au wasialikwe kabisa mwaka huu. Nguo mpya ya mtoto iwe moja, tena ya kitambaa kinachovumilia joto la kaskazi, badala ya suti ya vipande vitatu inayomfanya alie kabla ya kufika kanisani. Na baba, ambaye katika nyumba nyingi sikukuu yake huanza anapoketi na kuishia anaponawa, achukue zamu kamili: siku nzima ya mtoto, kuanzia kumwogesha hadi kumlaza, isiyoitwa msaada kwa mama. Bila hilo la mwisho, maneno yote kuhusu Krismasi ya utulivu yatakuwa ya mwanamume anayesifu ukimya wa nyumba ambayo mkewe anaifagia.

Nayajua mapingamizi, na la kwanza ni zito. Krismasi, hasa kwa watu wa Kilimanjaro, ni ya ukoo. Ndiyo siku kaburi la babu husafishwa, mashauri ya kihamba, yaani shamba la ukoo, huzungumzwa, mbuzi huchinjwa, vijana hutambulishwa na mtoto mchanga huonyeshwa kwa wazee. Kumnyima mtoto hayo ili alale mchana, mtu atasema, ni kumlea kama mkimbizi katika nchi yake. Sitalidharau pingamizi hili kwa kusema eti ni mila ya kale iliyopitwa na wakati. Si ya kale kiasi hicho hata kidogo: Walutheri wa misheni ya Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, kwa hiyo Krismasi yenyewe mlimani haijafikisha vizazi vingi. Safari kubwa ya Desemba ilikuja pamoja na ajira za mijini, pale likizo ya mwisho wa mwaka ilipokuwa nafasi pekee ya mfanyakazi kuonana na wazazi. Desturi iliyozaliwa na ratiba ya kazi inaweza kurekebishwa ratiba ikibadilika. Shule zina likizo pia katikati ya mwaka, Juni, wakati Moshi kuna baridi, barabara zina nafasi na bibi hana wajukuu thelathini wa kugawana. Mtoto wa miaka mitatu akikaa wiki mbili na bibi yake mwezi Juni, wakachuma mboga pamoja na kulisha kuku, atamjua bibi huyo. Akipelekwa Desemba kwa siku nne, atajua kwamba kuna bibi mmoja aliyekuwa na shughuli nyingi.

Hata hivyo kuna kitu ambacho Juni haiwezi kukitoa, nacho ni binamu. Kundi la watoto wa ukoo mmoja waliojaa ua mmoja, wanaolala saba kitanda kimoja na kugombana na kupatana mara kumi kwa siku, hupatikana Desemba tu, na mtoto aliyekosa hilo amekosa. Ndiyo maana hoja yangu ina mpaka. Mtoto akifika miaka saba au minane, anaweza kuvumilia basi, anaweza kusema amechoka, anawatambua binamu zake kwa majina na atayakumbuka yote hayo akiwa mzee. Huyo apelekwe, tena akae mwezi mzima. Ninaowatetea hapa ni wale wadogo ambao kwao kundi hilo bado ni kelele tu. Mwenye watoto wa rika zote mbili atalazimika kuchagua, na siku nyingine itabidi mkubwa asafiri na shangazi, mdogo abaki.

Pingamizi la pili husema mtoto akikaa nyumbani atachoka bure, atashinda mbele ya runinga au atazurura mtaani. Ni kweli kwamba kukaa nyumbani hakujitoshelezi. Mwongozo ule ule wa 2019 unasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na wa mwaka mmoja asitazame kabisa, kwa hiyo Krismasi ya katuni kuanzia chai hadi chakula cha usiku haiwezi kuhesabiwa kuwa ya utulivu. Lakini tuseme pia ukweli kuhusu mahali tunapowapeleka tukiwatoa nyumbani. Mwezi Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wapatao ishirini walikufa katika msongamano ndani ya ukumbi wa disko mjini Tabora, na tangu hapo polisi wamekuwa wakirudia katika sikukuu zetu tangazo la kupiga marufuku disko toto. Fukwe nazo hujaa tarehe 25 na 26 kiasi kwamba mtoto akiachia mkono wa mzazi, kumpata ni kazi. Kipindi kirefu kisicho na ratiba si adui wa mtoto. Akilalamika kwamba hana la kufanya, mwache kidogo na ndoo, maji, vijiko na kivuli, uone. Ni mzazi ambaye hastahimili dakika kumi za mtoto asiyeburudishwa, kwa sababu mwaka mzima hajakaa naye zaidi ya jioni mbili tatu mfululizo.

Wapo wale ambao kwao mjadala wote huu ni anasa. Muuguzi yuko zamu, mlinzi yuko getini, dereva yuko barabarani akiwapeleka wengine makwao, mama lishe anauza zaidi siku hiyo kuliko wiki nzima. Kwao kalenda ya kanisa ina huruma kuliko kalenda ya maduka. Dukani Krismasi huisha tarehe 25 jioni, kanisani ndiyo kwanza inaanza: msimu wa Noeli unaendelea hadi Januari, Epifania huangukia tarehe 6 au Jumapili iliyo karibu nayo, na Wakatoliki huwakumbuka Watoto Mashahidi tarehe 28 Desemba, siku ambayo ingefaa sana kuwa sikukuu ya nyumbani ya mtoto yeyote. Mtoto mdogo hajui tarehe. Mama akirudi kutoka zamu tarehe 27, wakapika pilau lao na kufungua zawadi yao moja, hiyo ndiyo Krismasi, na hakuna atakayemwambia mtoto kwamba imechelewa isipokuwa sisi. Presha nyingi za msimu huu zinatokana na kujaza mambo ya wiki mbili katika saa ishirini na nne.

Fedha sitaikalia sana, kwa kuwa kila msomaji anaijua Januari yake. Elimu ya msingi na sekondari katika shule za serikali haina ada, lakini sare, viatu, madaftari na michango vinasubiri pale pale shule zinapofunguliwa, na kwa walio shule binafsi kuna ada ya muhula. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, pamoja na mkono usiokuwa mtupu mbele ya wazee, inaweza kulingana na mahitaji hayo yote. Mtoto mdogo hahisi umaskini wa Krismasi isiyo na mdoli. Anahisi vizuri sana ugomvi wa wazazi kuhusu deni, hata ukifanywa kwa kunong'onezana chumbani.

Zaidi ya hayo kuna simu. Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1978 kwamba mtoto mchanga, mama yake akimtazama kwa uso usiojibu kitu, hujaribu kumrudisha kwa tabasamu na mikono, na asipofaulu hugeuka na kujikunyata. Mzazi aliyebaki nyumbani sikukuu nzima huku akitazama picha za waliosafiri amebaki na uso wa namna hiyo. Kama tumeamua kubaki, tubaki kweli: salamu za asubuhi zitumwe, bibi apigiwe na asikie sauti ya mjukuu, kisha simu iwekwe kabatini hadi mtoto alale.

Ombi langu la mwisho ni kwa wazee walioko Rombo, Marangu, Machame, Bukoba, Mbinga na kwingineko, kwa kuwa vijana wengi wangebaki mjini mwaka huu kama wasingeogopa kuonekana wamewatupa. Mkipigiwa simu mkaambiwa mjukuu ni mdogo, hatakuja Desemba, msimuulize mwanenu amekosana na nani. Mwulizeni anakuja lini, mkubaliane tarehe ya Juni, na kama miguu inaruhusu, pandeni basi nyinyi mwezi Februari, wakati tiketi zipo na nauli haigombaniwi.